Vikuku vya Magadi

Kifaranga wa bata niliyempokea Engaresero hakuweza kusimama. Alikuwa na siku kumi hivi, na kila alipojaribu kuinuka miguu ilitanuka pande mbili akaangukia kifua. Alikuwa mali ya mama mwenye duka, niliyepanga chumba nyuma ya duka lake. Yeye ni mtu wa Karatu, na alileta bata wake kwa gari, ndani ya boksi la sabuni, katika kijiji cha Wamaasai ambacho wazee wake wengi hawali hata kuku.

“Huyo mwache tu, mwanangu,” aliniambia. “Kesho hatakuwepo.”

Nilimchukua. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu historia ya Ziwa Natron, na wiki ile hakuna mtu aliyekuwa na muda wa kuzungumza nami. Bata alikuwa na muda.

Usiku nilimpigia rafiki yangu anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro. Akauliza anakula nini. Pumba za mahindi, nikasema. Akacheka. Vifaranga wa bata wanahitaji niasini, moja ya vitamini B, kuliko vifaranga wa kuku, na niasini iliyomo kwenye mahindi imejifunga kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Mpe dagaa waliosagwa, alisema, mpe karanga, mpe maini ukipata. Mtandikie kitambaa asiteleze, halafu umfunge miguu kwa ukanda laini wa plasta, uache nafasi ya hatua moja ndogo, ili isiendelee kutanuka.

Nikiwa nimemshika kwenye kiganja, nakata plasta kwa wembe, nilikumbuka mwaka 1962.

Natron ndiyo ziwa ambako flamingo wadogo wa Afrika Mashariki, wale ambao vitabu huwaita heroe, huzaliana kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Wanasayansi walichelewa kulijua hilo. Mwaka 1954 Leslie Brown, afisa kilimo wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, aliona viota vyao kutoka kwenye ndege, akaamua kuvifuata kwa miguu. Ukoko wa magadi ukavunjika chini yake, tope likamshika, na maji makali yakamchoma miguu hadi akalazwa hospitalini. Nadhani angemuuliza mchungaji yeyote wa upande huu, angeambiwa asijaribu.

Kisha zikaja mvua kubwa za mwishoni mwa 1961. Natron ikafurika, na flamingo hujenga viota kwenye matope yanayochomoza juu ya maji. Mwaka 1962 wakavuka mpaka, wakaenda kuzalia Ziwa Magadi, Kenya, ambako hawakuwa na kawaida ya kuzalia. Huko jua lilipokausha maji, magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga wakitembea. Kila hatua iliongeza utando, hadi kila mguu ukavaa kikuku kigumu cha chumvi. Kifaranga asiyeweza kuinua miguu huachwa nyuma na kundi, na aliyeachwa jua kali la pale humaliza kazi.

Alan Root, mpiga filamu aliyekuwa na miaka 25 tu, aliingia ziwani na wasaidizi wake kuwaokoa. Kikuku kiligongwa taratibu mpaka kikapasuka, bila kuvunja mfupa mwembamba kama njiti. Inatajwa kuwa vifaranga 27,000 walifunguliwa hivyo, na wengine kama 200,000 wakaswagwa kwenda kwenye maji yasiyo makali. Hesabu ya pili ni ya kundi. Ya kwanza ndiyo inayonishangaza: mara 27,000 mtu aliinama, akakamata kiumbe kinachopiga kelele, akagonga, akaachilia. Mimi nilikuwa na mmoja na mgongo tayari uliniuma.

Nilikuja Engaresero nikitaka kuandika kuhusu mikono hiyo, hasa ile isiyotajwa kwa jina. Siku ya nne nikampata mzee aliyekuwa layoni wakati ule, akichunga ng'ombe wa baba yake. Nilimsimulia habari za vifaranga, nikamtajia na idadi. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Kijana, mlihesabu ndege?” akauliza. “Sisi tulikuwa tunahesabu ng'ombe waliobaki.”

Kabla ya mafuriko kulikuwa na ukame wa 1960 na 1961, ulioua ng'ombe wengi sana katika nchi ya Wamaasai. Ukame huo nilikuwa nimeusoma. Uko kwenye daftari langu, kurasa kadhaa kabla ya flamingo, na sikuwahi kuuweka kwenye sentensi moja na vile vikuku. Nilijisikia vibaya, na sikuwa na la kujibu. Nikamuuliza walibaki ng'ombe wangapi. Akanitajia rangi zao, mmoja baada ya mwingine, na nikaandika hadi mwanga ulipoisha.

Niliporudi chumbani kifaranga alikuwa amepindua kisahani cha dagaa na kulala juu yake. Nikabadilisha kitambaa. Root alikuwa anavunja vikuku, mimi nimekaa na wembe namvalisha wangu cha plasta.

Siku ya saba nilimfungua. Alisimama, akayumba, akaketi. Siku ya tisa akatembea, mguu wa kushoto ukigeukia ndani. Mama mwenye duka alikuja mlangoni akamtazama muda mrefu.

“Atachechemea huyo,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

Akaenda kuleta beseni la maji.