UZI: Matibabu "ya bure" hulipwa na nani? Historia fupi kutoka Kisii na Nyamira

1/ Kila msimu wa kampeni, kwenye mikutano ya Kisii na Nyamira utasikia mambo mawili. Mmoja anaahidi, "Matibabu yatakuwa bure." Mwingine anamjibu, "Hakuna cha bure, kila mtu ajilipie." Na wote wawili wanapigiwa makofi! Uzi huu hautaji mtu wala chama. Tunafuata pesa tu: zaidi ya miaka mia moja sasa, nani amekuwa akilipa?

2/ Tuanze mbali. Kabla ya mkoloni, Abagusii walikuwa na wataalamu wao. Anayejulikana sana ni omobari, mpasuaji aliyefungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa akabaki na maumivu yasiyoisha. Hata miaka ya 1950 watafiti walikuwa bado wanaandika kuhusu kazi hiyo. Kwa hivyo tiba haikuletwa na meli. Kilicholetwa ni jengo, dawa za kiwandani, na gharama ya kuviendesha.

3/ Septemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigania mji wa Kisii. Hospitali kubwa tunayoijua leo ilianza 1916, vita vikiendelea, kuhudumia wanajeshi. Mwananchi wa kawaida alidaiwa kodi ya nyumba, lakini hospitali haikuanzishwa kwa ajili yake. Baadaye wamisheni nao walijenga hospitali zao, kama ile ya Tabaka.

4/ Uhuru ukaja. 1965 serikali ikaondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka uliofuata, 1966, ikaundwa bima ya NHIF kwa watu wenye mshahara. Hapo ndipo pengo lilipoanza: mwalimu anakatwa kwenye payslip kila mwezi, lakini mkulima wa majani chai wa Kebirigo au Nyamache atakatwa wapi?

5/ Miaka ya 1980 uchumi ukabana. 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ikizisukuma nchi maskini kutoza wagonjwa ada. Kenya ikaanza "kugawana gharama" Desemba 1989. Wagonjwa wakapungua hospitalini, na si kwa sababu ugonjwa ulipungua! Septemba 1990 ada ya kujiandikisha ikasimamishwa, watu wakarudi. Kuanzia 1992 ada zikaletwa tena polepole, safari hii zikiitwa ada za matibabu.

6/ Miaka hiyo hiyo ya 1990, malaria ikapanda mlima. Nyanda za juu za Gusii ni baridi, na watu hawakuwa na kinga kama wenzao wa kando ya Ziwa. Mlipuko ukija, haukuchagua mtoto wala mtu mzima. Sasa swali likawa: neti iuzwe au itolewe bure? Kuna waliosema, "Mtu hathamini kitu cha bure, ataifanya wavu wa kuvulia samaki."

7/ Swali hilo lilijibiwa kwa takwimu. Watafiti walifuatilia watoto wadogo katika maeneo manne ya Kenya, Kisii ikiwa mojawapo. Mwisho wa 2004, neti zikiuzwa madukani, takriban asilimia 7 ya watoto walilala ndani ya neti yenye dawa. 2005, kliniki zikiziuza kwa bei nafuu ya shilingi 50, wakafika kama asilimia 24. 2006 neti zikagawiwa bure: asilimia 67.

8/ Lakini ngoja, kubwa ni hili. Mwanzoni watoto wa nyumba zenye uwezo walikuwa na neti mara kadhaa kuliko wale wa nyumba maskini kabisa. Baada ya ugawaji wa bure, pengo hilo likaisha kabisa. Na hatari ya kufa kwa watoto waliolala kwenye neti ilikuwa chini kwa asilimia 44. Kumbe shida haikuwa kutothamini. Shida ilikuwa bei.

9/ Kwa hivyo wa "bure" wameshinda? Bado. 2004 serikali iliamua zahanati itoze shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20, basi. Wagonjwa wakaongezeka. Lakini vituo vilipoteza mapato, na fidia haikutosha. Utafiti wa Kwale na Makueni ulikuta vituo vikitoza zaidi ya kiwango ili kununua dawa na kulipa vibarua. Ukisema bure bila kuweka pesa, mgonjwa ataambiwa, "Dawa imeisha, nenda chemist." Hapo amelipa tu, ila mlango mwingine.

10/ Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikaondolewa, na kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Mwaka huo huo kaunti zikachukua kazi ya afya. Ndiyo maana leo hospitali ya Kisii ikikosa dawa, kaunti inasema pesa za Nairobi zimechelewa, na Nairobi inasema kaunti imetumia vibaya. Mama aliye kwenye foleni halali kwa majibu hayo.

11/ Oktoba 2024 NHIF ikapisha SHA. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara anapimwa uwezo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambazo hulipwa kwa mwaka: shilingi 3,600. Mkulima wa chai anaweza kuzipata bonasi ikitoka. Je, wa boda? Mama wa ndizi pale sokoni Keroka? Lile pengo la 1966 bado liko.

12/ Na pengo hilo huzibwa na nani? Ni sisi. Kwa harambee, kwa kundi la WhatsApp, kwa kuuza ng'ombe au kukodisha kipande cha shamba. Hiyo nayo ni bima, ila inaanza kulipwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Na familia isiyo na watu wa kuchangia haina bima hiyo.

13/ Basi mtu akija kwenye baraza na neno "bure", muulize: pesa itatoka kwa kodi gani, itafika zahanati yetu lini, na isipofika nani atajibu? Akija na "kila mtu ajilipie", muulize: yule wa 2004 aliyeshindwa na neti, utamfanya nini? Mwenye majibu kwa maswali hayo asikilizwe. Asiye nayo, mpigie makofi ukipenda, lakini kura ifikirie kwanza.