Sotoka, Chanjo na Mpaka: Historia ya Sera ya Pamoja ya Mifugo baina ya Kenya, Tanzania na Uganda

Mwezi Juni 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Ukiacha ndui, hakuna ugonjwa mwingine uliokuwa umewahi kufutwa kabisa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Afrika Mashariki. Miaka sita baadaye, Oktoba 2017, Serikali ya Tanzania ilipiga mnada zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliokutwa wakilishwa upande wa kusini wa mpaka. Makala haya yanauliza imekuwaje nchi zilizoweza kushirikiana kufuta ugonjwa zishindwe kukubaliana juu ya malisho. Hoja inayotetewa ni kwamba tangu enzi ya ukoloni sera ya pamoja ya mifugo katika eneo hili ilijengwa juu ya hofu ya maradhi. Ndani ya sera hiyo mwendo wa mfugaji ulihesabiwa kuwa hatari ya kudhibitiwa, na haukupata kutambuliwa kuwa sehemu ya ufugaji wenyewe.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikafika nyanda za Wamaasai mwanzoni mwa muongo uliofuata, na kabla ya mwaka 1897 kwisha ilikuwa imeenea hadi Rasi ya Tumaini Jema. Katika maeneo mengi ng'ombe tisa kati ya kumi walikufa. Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliacha maelezo ya watu waliobaki mifupa kwa njaa. Helge Kjekshus ameeleza namna vifo hivyo, pamoja na vita vya ukoloni, vilivyovunja uwezo wa jamii kuyatawala mazingira yao, vichaka na mbung'o vikatwaa ardhi iliyokuwa malisho. Jambo ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba wakati huohuo, kwa mikataba ya 1886 na 1890, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zikichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria, katikati ya nchi ya Wamaasai. Mpaka uliwekwa juu ya malisho ambayo kwa sehemu kubwa yalikuwa yamebaki matupu. Mifugo ilipoongezeka tena na wafugaji kurudia njia zao za kiangazi, mwendo ule wa zamani ulikuwa umekwisha kugeuka kuwa uvukaji wa mpaka.

Tawala za kikoloni ziliweka maabara zao za mifugo, Wajerumani Mpwapwa na Waingereza Kabete na Entebbe. Katika Kenya chombo kikuu cha sera kilikuwa karantini. Hifadhi ya Wamaasai iliwekwa chini ya vizuizi vya aina hii kwa miaka mingi, na kwa sababu za kitaalamu zilizokuwa na ukweli ndani yake, kwani homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka zilikuwapo kweli. Lakini karantini iliyozuia maradhi ilizuia pia ng'ombe wa Mwafrika kufika sokoni kushindana na ng'ombe wa mlowezi. Haitakuwa haki kudai kwamba kila daktari wa mifugo alikuwa wakala wa walowezi. Hata hivyo, aliyefaidika na kizuizi hicho anajulikana. Urithi wa kipindi hicho ulikuwa fikra kwamba ng'ombe salama ni yule aliyetulia mahali pamoja.

Ushirikiano wa kweli ulianza Muguga, kilomita chache nje ya Nairobi. Chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, utafiti wa mifugo wa nchi tatu uliwekwa katika taasisi moja. Hapo ndipo Walter Plowright na wenzake walipotengeneza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chanjo ya sotoka iliyooteshwa katika seli badala ya miili ya mbuzi au sungura. Iligharimu fedha kidogo, haikudhuru mnyama, na kinga yake ilidumu maisha yote. Mafanikio haya yana maana ya kisiasa pia. Nchi moja isingeweza kutunza kinga ya mifugo yake ikiwa jirani hachanji, na gharama ya kuchanja haikugusa mamlaka ya dola yoyote juu ya ardhi. Chanjo iliweza kugawanywa bila mtu kuulizwa majani ni ya nani.

Mpango wa bara zima, uliojulikana kama Mradi wa Pamoja wa 15, ulianza mwaka 1962 kuzunguka Ziwa Chadi, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa muongo huo. Kanuni yake ilikuwa kuchanja ng'ombe wote miaka mitatu mfululizo, majirani wakishirikiana pande zote mbili za mpaka. Ulipomalizika mwaka 1976 sotoka ilionekana kama imekwisha, nao uangalizi ukalegea. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na Muguga ikabaki mali ya Kenya. Mwaka 1982, wakati mpaka umefungwa kwa watu na bidhaa, sotoka ilithibitishwa tena kwa nyati wa Serengeti. Tukio hilo lingetosha kuwafundisha watunga sera kwamba amri ya kufunga mpaka na udhibiti wa ugonjwa ni mambo mawili.

Hatua ya mwisho ya kutokomeza sotoka ilitegemea watu walewale ambao sera iliwaona kuwa tatizo. Chanjo ya Plowright ilihitaji baridi, na majokofu hayakuwapo katika nchi ya Waafar au Sudan ya Kusini. Jeffrey Mariner alitengeneza aina yake inayostahimili joto kwa takriban mwezi mmoja, kisha wafugaji waliofunzwa wakaibeba wenyewe hadi makambini, wakiwa wanajua ni kundi gani limehamia wapi. Ujuzi wa mwendo, uliodharauliwa tangu Kabete ya walowezi, ndio uliofikisha chanjo mahali ambapo magari ya serikali hayakufika. Mlipuko wa mwisho ulionekana mwaka 2001, kwa nyati wa Meru nchini Kenya.

Ujuzi huo haukuingia katika sheria. Mkataba wa Jumuiya mpya, uliotiwa saini mwaka 1999, una kifungu cha 108 kuhusu udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inahusu uhuru wa watu, bidhaa, huduma na mitaji. Ng'ombe anayekwenda kunywa maji na kurudi si bidhaa, wala mwenyewe hahamii kazini. Afrika Magharibi ilikuwa imelijaza pengo kama hilo mwaka 1998, ilipokubali cheti cha kimataifa cha kuhamisha mifugo, ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Huku kwetu mambo yaliachwa kwa maelewano ya viongozi. Septemba 2019, mjini Moroto, marais wa Kenya na Uganda walishuhudia makubaliano juu ya Waturkana na Wakaramoja. Mei 2023 amri ya Rais wa Uganda iliwataka wafugaji wa Kiturkana wenye silaha waondoke. Sababu ya silaha ilikuwa nzito, lakini hapakuwa na chombo cha pamoja cha kumtenganisha mwenye bunduki na mwenye kiu.

Mwaka 2020 mawaziri wa nchi za IGAD walikubaliana itifaki ya uhamaji wa mifugo, inayotambua mwendo wa mfugaji kuwa haki yenye masharti. Kenya na Uganda ni wanachama. Tanzania si mwanachama, na kwa hiyo itifaki hiyo, hata ikitekelezwa yote, inaishia Namanga.