Kati ya Pata na Potea

Kiswahili cha mitaani kina jina la kamari linalomaliza habari yote kwa maneno mawili: pata potea. Mchezeshaji anapanga karata tatu juu ya kibao, anazizungusha kwa vidole vyepesi, mpita njia anaweka fedha yake juu ya moja, karata inafunuliwa. Amepata au imepotea. Jina hilo ni zuri kwa sababu linasema kweli juu ya tukio moja. Lakini halina neno kwa kilicho katikati ya pata na potea, na hapo katikati ndipo wanapoishi wale wachache wanaocheza poka mtandaoni mwaka hadi mwaka na kubaki na faida.

Dhana wanayoitumia huitwa kwa Kiingereza "expected value". Tafsiri inayomjia mtu haraka ni thamani tarajiwa, na makala haya yanaitetea, ingawa si bila kuisahihisha namna inavyosikika.

Kwanza mfano wa mezani. Mchezaji ana kopa mbili mkononi, na kati ya karata nne za pamoja zilizokwisha kufunuliwa mezani, nyingine mbili ni kopa. Imebaki karata moja. Ikitoka kopa, atakuwa nazo tano na tuseme kitita ni chake. Isipotoka, hana kitu. Kitita kina dola 80, na mpinzani ameongeza dau la dola 20. Afuate au atupe karata?

Karata ambazo hajaziona ni 46, na kopa zilizosalia ni 9. Akifuata, mara 9 kati ya 46 atachukua dola 100 zilizomtangulia mezani, na mara 37 atapoteza dola zake 20. Mia mara tisa ni 900. Ishirini mara 37 ni 740. Tofauti ni 160, na ikigawanywa kwa 46 inakuja karibu dola 3.48. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa ya kufuata. Kama mpinzani angeweka dau la dola 40 badala ya 20, hesabu ileile ingetoa hasara ya dola 8.70. Karata ni zilezile, nafasi ya kupata ni ileile. Kilichobadilika ni bei ya kuendelea kuwapo, na uamuzi umegeuka.

Msomaji aitazame vizuri ile 3.48. Hakuna mchezaji atakayeondoka mezani na dola 3.48 kutokana na mgawo huo. Atapata 100 au atapoteza 20, na mara nyingi zaidi atapoteza. Kiasi "kinachotarajiwa" ni kiasi ambacho hakiwezi kutokea hata mara moja. Dadu ina ugonjwa huohuo: thamani yake tarajiwa ni 3.5, na hakuna upande wa dadu wenye nukta tatu na nusu.

Hapa ndipo neno tarajiwa linapomkwaza Mswahili. Katika mazungumzo ya kila siku, mama mtarajiwa ni mjamzito ambaye siku zake zinahesabiwa, na bwana harusi mtarajiwa ameshalipa mahari. Kitu kinachotarajiwa ni kitu kilicho njiani, kimebakiza kufika tu. Mtu akiambiwa kwamba thamani tarajiwa ya uamuzi wake ni dola tatu na ushei, ana haki ya kuuliza zitaingia lini. Na mchezaji asiyepata jibu zuri la swali hilo ataanza kuzidai. Ataongeza dau usiku huohuo, akiamini kwamba meza ina deni lake.

Historia ya istilahi yenyewe inasaidia. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya mchezo uliokatizwa. Wachezaji wawili wameweka kila mmoja sarafu 32 za dhahabu, na mshindi ni atakayetangulia kushinda mara tatu. Mmoja ameshinda mara mbili, mwenzake mara moja, kisha mchezo unasimama. Zile sarafu 64 zigawanywe vipi? Pascal alijibu: wa kwanza achukue 48, wa pili 16. Maana kama wangecheza mara moja zaidi, wa kwanza angeshinda zote 64 au wangelingana na kugawana 32 kwa 32. Kwa hiyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zile 32 zilizobaki wagawane nusu kwa nusu.

Miaka mitatu baadaye, 1657, Mholanzi Christiaan Huygens alitoa kijitabu cha kwanza kuchapishwa juu ya hesabu hizi. Alikiandika kwa Kiholanzi, na mwalimu wake Frans van Schooten akakitafsiri kwa Kilatini. Katika Kiholanzi Huygens alisema kwa urahisi kwamba nafasi fulani katika mchezo ina thamani fulani kwake, kama mtu anayeuliza angekiuza kiti chake kwa kiasi gani ili pasiwe na aliyepunjwa. Van Schooten ndiye aliyetia neno la Kilatini "expectatio", yaani matarajio. Maana yake istilahi hii, inayosumbua watafsiri hadi leo, ilizaliwa mikononi mwa mtafsiri. Thamani ilikuwa ya Huygens. Tarajiwa iliongezwa njiani.

Wafaransa walichukua njia yao, wakaiita kwa neno lao la tumaini. Nalo linakaribia Kiswahili kuliko linavyoonekana, kwa kuwa kutaraja kumetoka katika Kiarabu, na mzizi wake huko ni wa kutumaini. Anayetaraja hakupewa ahadi. Mkulima anayetaraja mvua ya masika amepima miaka iliyopita, akaweka mbegu zake kwa kipimo hicho, na anajua kwamba mwaka huu mmoja unaweza kumtupa. Maana hiyo ya kupima kwa tumaini ndiyo inayofaa katika istilahi. Maana ya mama mtarajiwa ndiyo ya kuiacha mlangoni.

Wapo watakaosema: basi semeni wastani, mmalize. Neno wastani linaeleweka na kila mwanafunzi, na limebeba ndani yake wazo la katikati. Hoja hiyo ina nguvu, ila inafuta tofauti ambayo mchezaji anaihitaji kuliko kitu kingine chochote. Wastani huchukuliwa kwa yaliyokwisha kutokea: mtu ajumlishe alichoshinda mwezi mzima, agawanye kwa migawo aliyocheza. Thamani tarajiwa huhesabiwa kabla karata haijafunuliwa, kwa kuangalia yote yanayoweza kutokea. Viwili hivi husogeleana kadiri migawo inavyoongezeka, lakini husogeleana polepole mno, na polepole hiyo imewafilisi watu wenye akili.

Tuchukue mchezaji mzuri kweli, ambaye uamuzi wake kwa jumla una thamani ya madau makubwa ya lazima 5 kwa kila migawo 100. Katika meza za wachezaji sita, kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama madau 90 kwa kila migawo 100, mara kumi na nane ya faida yenyewe. Baada ya migawo 10,000 mchezaji huyo bado ana nafasi ya karibu 3 kati ya 10 ya kuwa katika hasara. Hata baada ya migawo 100,000 nafasi hiyo haijaisha. Imepungua tu, hadi karibu 4 kati ya 100. Mtu anayefungua meza nne kwa pamoja, kila moja ikienda migawo 70 kwa saa, anamaliza migawo 10,000 kwa saa 36 hivi. Kwenye meza ya kawaida ya kasino, penye migawo kama 30 kwa saa, ingemchukua zaidi ya saa 330. Mtandao haukubadilisha hesabu ya Huygens. Umeharakisha tu siku ya kukutana nayo.

Ushahidi wa wazi zaidi ulitoka Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipambanisha programu yao, Claudico, na mabingwa wanne wa poka. Walicheza migawo 80,000, tena kwa utaratibu wa kioo: karata alizopewa binadamu mmoja katika chumba kimoja alipewa kompyuta katika chumba kingine, ili bahati ipunguzwe. Binadamu walimaliza mbele kwa dola 732,713 za mezani. Hata hivyo watafiti walisema tofauti hiyo haitoshi, kwa vipimo vya takwimu, kuthibitisha nani bora. Mwaka 2017 walirudi na programu mpya, Libratus, wakaongeza migawo hadi 120,000, na safari hii kompyuta ilishinda kwa dola 1,766,250, kiasi ambacho hakikuacha shaka. Mabingwa, kompyuta, karata za kioo, makumi ya maelfu ya migawo, na bado mara ya kwanza jibu halikupatikana. Mtu aliyecheza majuma mawili nyumbani kwake na kujitangaza kwamba ameiva hana msingi wa kusema hivyo.

Kwa hiyo wanaodumu hawajipimi kwa fedha ya usiku mmoja. Huhifadhi kumbukumbu za migawo, wakairudia wakiwa wametulia, na kwa kila dau zito wakauliza swali la Huygens: nafasi hii ilikuwa na thamani gani? Siku hizi programu za kukokotoa huwasaidia kuona walipofuata dau la dola 40 kama lilikuwa la 20. Mtaji huutenga na fedha ya chakula na kodi ya nyumba; kanuni iliyozoeleka ni kuwa na akiba ya kukaa mezani mara 20 hadi 40, ili mkosi wa mwezi usiwatoe kabla wingi wa migawo haujafanya kazi yake.

Na huchunguza makato. Kampuni inayoendesha meza hukata sehemu ya kitita, mara nyingi asilimia 5 yenye kikomo. Katika mfano wa kopa, makato ya dola 3 tu kwenye kitita cha ushindi yanaishusha ile 3.48 hadi 2.89. Kwa sababu ya makato, wachezaji wote wa meza wakijumlishwa wako katika hasara hata kabla karata hazijagawanywa, na faida ya mmoja ni lazima itoke katika makosa ya wengine, makosa makubwa kuliko makato. Wengi hawafiki hapo, na hili halifai kufichwa katika makala yoyote inayotaja faida na poka pamoja.

Hesabu hiyohiyo inawahusu vijana wengi zaidi wa Dar es Salaam na Nairobi ambao hawajawahi kugusa poka ila wanajua mkeka wa kubashiri mechi ni nini. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, na kila upande unalipa 1.90. Shilingi 1,000 zina thamani tarajiwa ya 950. Ukiunganisha mechi tano za namna hiyo, mkeka unaahidi zaidi ya shilingi 24,700, nafasi ya kushinda ni 1 kati ya 32, na thamani ya karatasi hiyo, kabla mpira haujaanza, ni shilingi 774. Kijana akisema mkeka umechanika, anazungumzia pata potea. Zile 226 zilikuwa zimekwisha kuondoka alipobonyeza kitufe. Tofauti na mcheza poka, hapa hakuna mpinzani mezani wa kumsoma wala kumzuga. Zipo bei zilizopangwa na kampuni tu.

Programu za kumbukumbu za poka huchora mistari miwili kwenye skrini. Mmoja unafuata fedha iliyoingia na kutoka. Wa pili, kwa migawo ambayo fedha zote ziliwekwa kabla ya karata za mwisho, unafuata kiasi kilichostahili kwa hesabu. Wa kwanza unapaa na kuporomoka. Wa pili hupanda au kushuka kwa utulivu zaidi. Programu hizo zikitafsiriwa, mstari wa kwanza uandikwe "kilichopatikana", wa pili "thamani tarajiwa", na nafasi iliyo kati yao, ambayo haina jina kwenye skrini, Kiswahili tayari kinaiita bahati.