Manamba wa Uha: Jinsi Kasulu na Kibondo Zilivyogeuzwa Ghala la Vibarua

Manamba walikuwa vibarua wa mkataba walioandikishwa katika wilaya za mbali na kusafirishwa hadi kwenye mashamba makubwa, hasa ya mkonge, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Jina lao limetokana na neno namba. Kila aliyeandikishwa alipewa namba yake, na huko shambani namba hiyo ilitangulia jina alilopewa na wazazi wake. Nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha yenye miji ya Kasulu na Kibondo, zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi. Historia yao ni historia ya kazi inayopewa thamani kwa wingi na urahisi wa mikono, huku ujuzi wa mfanyakazi ukiachwa bila malipo.

Nchi iliyohitaji fedha

Kabla ya ukoloni Uha iligawanyika katika falme kadhaa, kila moja ikiwa na mwami wake. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Watu walilima mtama, maharage na ndizi, walifuga ng'ombe na kurina asali katika misitu ya miombo. Chumvi ilitoka Uvinza, kusini mwa nchi hiyo. Maisha yalikuwa na shida zake, lakini hayakumlazimu kijana kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 ili apate fedha za kumlipa mtawala.

Hali ilibadilika haraka katika robo ya kwanza ya karne ya 20. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaitawala hadi mwaka 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Serikali mpya ilitoza kodi ya nyumba na ya kichwa, nayo ililipwa kwa fedha taslimu. Kibondo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka stesheni ya Kigoma. Gharama ya kufikisha mazao sokoni ilimeza sehemu kubwa ya faida ya mkulima. Nta na asali viliuzwa, na kahawa ilipandwa upande wa Manyovu, lakini kaya nyingi hazikuwa na zao la kutosha kulipia kodi.

Katika miaka ya 1930 likaja pigo jingine. Ili kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, serikali iliwahamisha watu wengi wa Uha kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika maeneo maalumu yaliyofyekwa. Hatua hiyo ililenga kuokoa maisha, lakini iliwatenganisha wengi na mashamba yao ya zamani, mizinga yao na mawindo yao. Kwa kijana aliyedaiwa kodi na aliyehitaji mahari, njia iliyobaki wazi ilikuwa kwenda kutafuta kibarua mbali. Baadhi walielekea kaskazini hadi Buganda kulima pamba na kahawa za watu wengine. Wengine walipelekwa mashariki, kwenye mkonge.

Mkonge na njaa yake ya vibarua

Mkonge uliletwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Miche iliyotoka Florida kupitia Hamburg ilikuwa 1,000, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, Korogwe, Muheza na Morogoro, na mkonge ukawa zao lililoongoza kuiingizia Tanganyika fedha za kigeni.

Zao hilo lilihitaji watu wengi mwaka mzima. Wenyeji wa karibu na mashamba walikuwa na ardhi yao, na walikubali kibarua pale tu kilipowafaa. Kuwavuta kungehitaji mishahara mizuri zaidi. Wenye mashamba waliona nafuu kutuma mawakala katika wilaya za mbali, mahali ambapo kodi ilikuwa nzito na fedha adimu. Uha ilitimiza masharti yote mawili.

Sheria ilimlinda zaidi mwajiri. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuvunja mkataba kuwa kosa la jinai: kibarua aliyetoroka aliweza kutozwa faini au kufungwa jela. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kimataifa dhidi ya adhabu za namna hiyo mwaka 1939, na mwingine mwaka 1955 wa kuzifuta kabisa.

Vita vya Pili vya Dunia viliongeza njaa ya vibarua. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, na mataifa yaliyopigana nao yakapoteza vyanzo vyao vikubwa vya nyuzi za kamba. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na baadhi ya wanaume walipelekwa mashambani kwa amri ya serikali. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kazi iliyokuwa ya mawakala waliogombea watu ikawa mfumo mmoja wenye kambi za kupokelea, daktari wa kupima afya, malori na tiketi za garimoshi.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Kutoka Kibondo na Kasulu watu walishuka hadi kwenye reli, wakasafiri kuelekea mashariki kwa siku kadhaa. Hadi mwaka 1963, ilipokamilika njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikukutana, kwa hiyo waliokwenda Tanga walimalizia safari kwa barabara.

Kazi, kipande na ujuzi

Shambani manamba alipewa makazi kambini, posho ya chakula na kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Siku ilihesabiwa tu kama kazi yote aliyopangiwa imekwisha. Akiugua, au akishindwa kufikisha idadi, nafasi ilibaki tupu. Kwa hiyo mshahara wa siku 30 mara nyingi ulipatikana baada ya wiki 6. Mkataji alipimwa kwa matita, kila tita likiwa na majani 30, na mnyapara ndiye aliyehesabu.

Watu waliokuwa mbali na mashamba walidhani kukata mkonge ni kazi ya nguvu tupu. Sivyo. Majani ya chini hukatwa na machanga ya juu huachwa ili mmea uendelee kukua. Anayekata kupita kiasi hujaza matita ya leo na kudhoofisha mavuno ya miaka ijayo. Jani lililokatwa lazima lifikishwe korona, yaani kwenye mtambo wa kutenganisha singa na nyama ya jani, kabla halijakauka. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo uzembe mdogo ni hasara kubwa. Baada ya hapo singa huanikwa, hupigwa brashi na kupangwa kwa madaraja kulingana na urefu, rangi na usafi wake.

Mkataji wa miaka mingi aliyajua yote hayo. Lakini mfumo wa manamba haukumlipa kwa kuyajua. Mkataba ulipokwisha alirudishwa kwao, na mgeni aliyechukua nafasi yake alianza upya kwa kiwango kilekile. Kipande kiliandika siku alizofanya kazi, hakikuandika alichojifunza.

Mwisho wa mfumo

Katika miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi viliingia mashambani. Mgomo wa shamba la Mazinde, mwaka 1958, ulionyesha kwamba watu waliopewa namba walikuwa na sauti. Mishahara ilipopanda karibu na uhuru na baada yake, wenye mashamba walipendelea wafanyakazi wachache wa kudumu, na uandikishaji wa mbali ukafifia, kisha ukakoma.

Uzalishaji ulifikia kilele mwaka 1964, kama tani 230,000. Kuanzia hapo bei ilishuka, kwa kuwa kamba za plastiki zilikuwa zikiingia sokoni, na Brazil nayo ilikuwa mshindani mkubwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyaweka mashamba mengi mikononi mwa serikali, lakini kuporomoka kuliendelea. Waha waliobaki Muheza na Korogwe wakawa wakulima na wenyeji wa huko. Waliorudi walizikuta Kasulu na Kibondo hazina kiwanda wala zao jipya lililotokana na jasho lao.

Kazi inayosafiri bila mtu

Enzi za manamba mtu ndiye aliyesafiri; siku hizi kazi ndiyo inayosafiri. Kebo za baharini zilizofika Dar es Salaam na Mombasa kuanzia mwaka 2009 zimewezesha kampuni za Marekani na Ulaya kugawa kazi za kompyuta vipande vipande na kuzipeleka hadi Kenya. Mtaalamu mmoja aliyeufahamu mfumo mzima nafasi yake huchukuliwa na wengi, kila mmoja akiwa na kipande kidogo. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, waliosoma maandishi ya kikatili ili kuifundisha programu ya akili mnemba kuyatambua, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tofauti na manamba ni kubwa: hakuna garimoshi, hakuna jela ya watoro. Kinachofanana ni kuhesabiwa kwa vipande na kukosa ngazi ya kupanda.

Kasulu na Kibondo sasa zina umeme wa Gridi ya Taifa, na vijana wake wanaweza kuipokea kazi ya namna hiyo bila kuondoka nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya kuwa na maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na kupewa cheti cha utumishi anapoondoka. Lakini mwajiri aliye ng'ambo, anayejulikana kwa anwani ya barua pepe tu, ni vigumu kumfikia kwa sheria hiyo, na kijana anayemfanyia kazi anaweza kumaliza miaka kadhaa akiwa na hesabu ya vipande alivyokamilisha, bila cheti chochote cha ujuzi wake.