Saa ya simu ikikosea, intaneti hukwama

Una bando, mtandao upo, lakini tovuti hazifunguki? Kabla hujanunua bando jingine, tunakushauri uangalie tarehe na saa ya simu yako.

Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyorudi nyuma mwaka mmoja huona cheti hicho bado hakijaanza, ikakataa kufungua.

Tatizo hili huipata hata mitambo ya simu ya ofisi kubwa, ambayo ni kompyuta kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Kwa kawaida moja huongoza: huchukua saa kutoka nje kwa utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Mmarekani David Mills, na nyingine huifuata. Fundi akibadili chanzo cha saa, huanza na hiyo inayoongoza, kisha huhakikisha nyingine zimeifuata. Zikipishana, simu ya saa 5:59 usiku yaweza kuandikwa kuwa ya kesho yake.

Kwako wewe, fungua mipangilio, gusa tarehe na saa, kisha washa saa ya mtandao. Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia, yaani UTC+3.