Betri ya boti na uongo wa stima ya bandarini

Wanaoishi ndani ya boti kwenye mifereji ya Uingereza wana swali moja lisiloisha: mbona betri zilikuwa sawa miezi yote bandarini, na usiku wa kwanza baada ya kuchomoa waya taa zikazimika?

Jibu langu ni kwamba hazikuwa sawa. Chaja ndiyo iliyokuwa ikiendesha friji na taa. Betri zilikaa tu hapo. Sisi wa ofisini tunalijua hilo kupitia UPS. Iko kwenye stima mwaka mzima, halafu stima ikipotea inazimika kabla hujahifadhi kazi yako. (Ajabu ni kwamba stima pia ni meli ya mvuke.)

Turudi nyuma. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1882 Gladstone na Tribe walieleza kinachotokea ndani yake: ikitoa umeme, mabamba yote mawili hufunikwa na salfeti ya risasi. Chaja huiondoa. Ukiiacha hapo muda mrefu inaganda, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Mwaka 1897 Wilhelm Peukert akaonyesha kwamba ukivuta umeme kwa kasi unapata kidogo kuliko hesabu. Betri iliyoandikwa ampea-saa 100 haitakupa ampea 20 kwa saa 5. Kwa hiyo usikimbilie kulaumu betri kabla ya kupima unachovuta.

Sasa linganisha na boti za umeme ambazo Moritz Immisch alikuwa akikodisha mtoni Thames mwaka 1889. Zilichajiwa kwenye vituo vya mtoni, kisha zikaenda kazini kwa betri peke yake. Betri mbovu ilijulikana siku hiyohiyo. Waya wa leo ndio unaoficha ugonjwa, na mwenye boti anaujua pampu ya kutoa maji inaponyamaza.

Basi zima chaja. Acha betri ipumzike saa kadhaa bila mzigo, upime: iliyojaa huwa karibu volti 12.7. Kisha washa mzigo unaoujua, mfano ampea 5, uandike saa. Ukishatumia robo ya uwezo ulioandikwa, zima, iache ipumzike tena. Ikisoma 12.2, hiyo ni nusu, si robo tatu. Kama ina vifuniko, pima asidi ya kila seli kwa haidromita. Mara nyingi ni seli moja inayozivuta nyingine chini, na taa ya chaja bado ni ya kijani.