Muhogo: Chakula Tulichokikataa Utotoni

Yako mambo ambayo mtu huyakataa angali mtoto, kisha huyatafuta mwenyewe akishapevuka, na chakula ni moja kati ya mambo hayo. Wengi wetu tuliokulia katika vijiji vya pwani twakumbuka asubuhi za kuandaliwa muhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi, huku macho yetu yakielekea nyumba ya pili ambako mtoto mwenzetu alikuwa akila mkate. Tuliula muhogo ule kwa kununa. Pengine tuliuficha mfukoni tukaenda kuwatupia kuku. Leo watu wazima wa rika letu ndio wanaosimama jioni katika ufuko wa Coco, Dar es Salaam, au katika barabara ya Mama Ngina, Mombasa, wakingoja muhogo huo huo ukaangwe au uchomwe, upasuliwe, utiwe chumvi, pilipili na ndimu. Nao huulipia bila kunung'unika. Twataka kueleza kisa cha mgeuko huo, kwa maana hatuamini kuwa ni kazi ya ulimi peke yake.

Ulimi una sehemu yake. Wataalamu wameonyesha kwamba mtoto huuhisi uchungu kwa ukali zaidi kuliko mtu mzima, na kwamba chakula alichokikataa huweza kukizoea akionjeshwa mara nyingi pasipo kulazimishwa. Uchungu ni onyo la maumbile, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Ndiyo sababu mtoto wa pwani huitema mboga ya mchunga, ambayo babu yake huila kwa ugali na kuisifu. Kwa upande wa muhogo onyo hilo ni la haki kabisa, maana katika mizizi yake, hasa ya zile aina chungu, imo asili ya sumu kali iitwayo sayanidi. Lakini muhogo tuliopewa asubuhi zile haukuwa mchungu. Ulikuwa mtamu, tena laini. Basi tulikuwa tukiukatalia nini?

Jibu lake hatuna budi kulitafuta katika historia. Asili ya muhogo ni Amerika ya Kusini. Wareno ndio waliouleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na baadaye ukaenea bara na pwani ya mashariki. Burton, Mwingereza aliyesafiri kutoka pwani yetu hadi Ujiji mwaka 1857 na 1858, aliukuta ukilimwa, tena ukiwa na jina lake la Kiswahili. Kwa maoni yetu, wakati huo ulikuwa zao kama mazao mengine: aliyeupenda aliupanda, na asiyeupenda alishika mtama wake.

Sifa mbaya ya muhogo ilianzia ofisini. Watawala wa kikoloni waliona kwamba zao hili huvumilia ukame, kwamba laweza kukaa ardhini hata miaka miwili likingoja kuchimbwa, na kwamba nzige wakishamaliza majani hawawezi kuufikia mzizi. Nzige walipovamia Tanganyika katika miaka ya 1930, sifa hizo zilionekana wazi. Basi katika wilaya nyingi zikatolewa amri kwamba kila kaya iwe na shamba la muhogo la akiba, na mkaidi atozwe faini. Shauri lenyewe halikuwa baya, na hatutaki kuwadhulumu hata wakoloni katika jambo walilopatia: muhogo uliokoa maisha ya watu wengi. Lakini mtu akipandishwa chakula kwa amri, kisha akaja mtu wa serikali kuhesabu matuta yake, chakula hicho hakiitwi tena kwa utamu wake. Huitwa kwa jina la njaa na la faini.

Huko Unguja na Pemba mambo yalikuwa mazito zaidi. Watu wa visiwani walikwisha kuzoea mchele ulioletwa kwa meli, na mwingi wake ulitoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, mchele huo ukakatika. Serikali ya kikoloni ikaanzisha mgawo wa chakula, na mgawo wenyewe ukafuata rangi na asili ya mtu. Wale walioandikwa Waafrika hawakupewa haki sawa ya mchele. Tumtafakari mzazi wa siku zile. Alikuwa akila wali na muhogo pia, kila kimoja kwa siku yake, wala hakuona aibu. Sasa anaambiwa kwa karatasi ya serikali kwamba wali ni chakula cha fulani, naye chakula chake ni kile kinachochimbwa. Haishangazi kwamba mzazi huyo, siku mchele uliporudi, alimfundisha mwanawe kuutazama muhogo kwa jicho la kando. Kununa kwetu asubuhi kulikuwa na wakubwa wake.

Uhuru haukuifuta sifa hiyo mara moja. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulipoleta upungufu mkubwa wa chakula Tanzania, taifa liliingia katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na muhogo ukahimizwa tena kama zao la kinga. Safari hii nia ilikuwa yetu wenyewe, ila mahali pengine namna ya kuhimiza haikutofautiana sana na ile ya zamani. Katika shida hizo ndipo ulipokuja pia unga wa mahindi ya manjano kutoka nje, ambao watu waliuita unga wa Yanga kwa kuufananisha na rangi ya jezi za timu hiyo ya Dar es Salaam. Waliula huku wakitaniana. Unga huo haukupata kupendwa, nao wafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kila chakula cha shida mwishowe huzoeleka.

Kwa nini basi muhogo ulipendwa, na unga wa Yanga haukupendwa? Twaona ni kwa sababu muhogo, nyuma ya pazia la amri zote hizo, ulikuwa na wapishi wake. Unga wa manjano ulikuja ndani ya gunia bila mila yoyote. Muhogo ulikuwa na futari ya nazi katika mwezi wa Ramadhani, ambapo mtoto aliyeukataa asubuhi ya Shaabani huusubiri magharibi kwa hamu. Ulikuwa na kisamvu, majani yake yaliyotwangwa kinuni na kupikwa kwa nazi. Ulikuwa na makopa, na bada ya unga wake. Na kando ya Ziwa Victoria ulikuwa na udaga, ambao mgeni hukunja pua kwa harufu yake na mwenyeji aliye mbali na kwao huuagiza kwa barua. Mtu anapokuwa mtu mzima, akaondokewa na wazazi, hurudi kwenye vyakula hivi. Wakati huo hakuna tena anayemwamuru.

Liko jambo moja linalotutia wasiwasi. Muhogo unaopendwa mijini ni ule mtamu, ambao hautaki maarifa mengi: humenywa, hukatwa, hukaangwa. Mihogo michungu ingali ikilimwa, kwa kuwa nguruwe mwitu na nyani hawaipendi, na hiyo hutaka elimu. Yapasa iloweshwe au ivundikwe mpaka ilainike, kisha ianikwe juani, ili sumu itoke pamoja na maji na hewa. Mwaka 1985, wakati wa njaa wilayani Tarime, matayarisho hayo yalifupishwa, na chakula kingine cha kusaidia mwili kilikuwa hakipatikani. Watu wakapatwa na ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Ugonjwa huo daktari Trolli alikwisha kuueleza mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Jina lake ni konzo, neno la Wayaka wa huko, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Watu wa Tarime hawakuwa wajinga wa kazi ile; njaa ndiyo iliyowanyima siku za kungoja.

Elimu hiyo ya kungoja haikuandikwa katika amri yoyote ya muhogo tuliyoitaja. Amri zilitaja ukubwa wa shamba. Mama aliyelowesha muhogo tangu usichana wake, ukimwuliza huchukua siku ngapi, hatakutajia siku. Huutoa majini, akaubonyeza kwa kidole gumba; usipobonyea, huurudisha mtungini.